Wadogo zangu, msiitoe tyubu ya maji

Jumanne niliingia maabara kuchukua bafa yangu nikawakuta wadogo zangu wa mwaka wa pili wanaseti PCR, ile kazi ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane. Meza nne, vikundi vinne. Kundi la dirishani lilikuwa limeshika enzaimu mkononi, nje ya barafu, huku linabishana nani aandike kwenye daftari. Kundi la pili walishapakia jeli ya kutenganisha DNA kwa umeme, wakaunganisha nyaya kinyume, sampuli zinarudi nyuma kuishia kwenye bafa. Hayo hayakunisumbua, maana wote tumepita huko na mwaka wa tatu hayapo tena. Kilichonitoa jasho ni binti mmoja, mwenye akili kweli kweli, aliponiambia kwa upole: "Kaka, tyubu ya maji tumeitoa. Mchanganyiko ulikuwa hautoshi, tukaona bora tuongeze sampuli moja."

Tyubu hiyo huwekwa maji badala ya sampuli; haitakiwi kuonyesha DNA yoyote, na ikionyesha ujue kuna uchafu umeingia. Nilishindwa kumjibu pale pale. Nimeona niandike. Najua koswek (kazi za muhula) zimewabana na UE, mtihani wa mwisho, iko karibu, lakini someni, hasa namba tatu.

1. Jifunzeni kuzimua kabla ya jambo lingine lolote. Praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha kunakili) ya mikromola 100 ukitaka iwe 10, ni mikrolita 10 za praima na 90 za maji. Si 10 na 100. Kila mwaka naona 10 na 100. Mtu anaweza kuwa na mzunguko wa Krebs wote kichwani, lakini akikwama hapa maabara itamtesa mpaka anahitimu.

2. Andikeni kwenye tyubu kama mnamwandikia mtu asiyewajua. Tarehe, kilichomo, herufi za jina lako, juu ya mfuniko na ubavuni, kwa kalamu ambayo ethanoli haiifuti. Mwaka jana tulisafisha friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri tukakuta boksi limejaa tyubu 81, zimeandikwa 1 mpaka 81 kwa mwandiko mzuri sana, na hakuna neno jingine. Mwenyewe alishahitimu, simu yake haipatikani, daftari hakuliacha. Tulizishika moja moja, tukaangalia kwenye mwanga, tukanyamaza. Kisha tukazitupa zote. Yule mtu aliamka alfajiri mara ngapi kwa ajili ya boksi lile? Sijui mwenzangu aliyekuwa na mimi alifikiria nini, mimi nilikwenda moja kwa moja kuandika upya tyubu zangu.

3. Maji.

Mradi wangu wa mwaka wa tatu ulikuwa batobato ya mihogo. Nilikwenda Mkuranga nikachuma majani ya mimea 40 katika shamba la bibi mmoja. Mimea 25 ilikuwa na dalili wazi, majani yamejikunja na mabaka ya njano. Mingine 15, upande wa mikorosho, ilikuwa mizuri haina doa. Bibi alinifuata mche kwa mche. Alitaka kujua jambo moja tu: ile ya upande wa mikorosho imepona kweli, au nayo inao ugonjwa haujajionyesha? Kwa sababu ndiyo aliyotegemea kukata pingili za msimu ujao. Nikamwambia, bibi, nitakuletea jibu.

Nilikuwa nimesoma. Utangulizi wangu ulieleza vizuri kwamba ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania, kwamba unasambazwa na inzi weupe na kwa pingili zenye ugonjwa, kwamba virusi vyake ni vya DNA kwa hiyo PCR inavikamata moja kwa moja, tofauti na vile vya michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine wa mihogo, ambavyo ni vya RNA. Yote sahihi. Nisichokuwa nacho ni pipeti mbili. Pipeti ile ile niliyopakia nayo jeli, yenye mazao ya PCR ya jana, ndiyo niliyopimia nayo maji ya PCR ya leo. Meza ile ile, chupa ile ile ya maji, mfuniko wazi mchana kutwa. Mizunguko 30 inaweza kuitoa molekuli moja mpaka ikapita bilioni. Tone lisiloonekana kwa macho lilinitosha kuchafua kila kitu.

Jeli ilipotoka, sampuli zote 40 zilikuwa na bendi, ule mstari unaosema DNA ya virusi ipo. Zote, hata za upande wa mikorosho. Na mwisho kabisa, kwenye njia ya maji, bendi hafifu, urefu ule ule.

Nataka mnielewe hapa, maana ndipo kosa lenyewe lilipo. Niliiona. Sikuwa nimelala wala sikuwa mgeni wa jambo hilo. Nilijiambia ni hafifu tu, nilijiambia labda nimemwagia wakati wa kupakia, nilijiambia praima zimebaki za mara moja na wiki ya kukabidhi ripoti imefika. Nikaikata picha. Njia ya maji ikabaki nje. Kisha nikampigia bibi simu nikamwambia yote inao, hata ile mizuri.

Aliing'oa. Kwa nini asiing'oe? Mtu wa chuo kikuu amempigia.

Wiki tatu baadaye msimamizi wangu aliomba picha nzima. Aliitazama muda mrefu, akaweka kidole kwenye ile njia ya mwisho: "Na haya maji nayo yanaumwa batobato?" Hakupaza sauti. Alinipa maji mapya, akanipa pipeti za chumba cha pili, akaniambia praima nizizimue upya na kila kitu nigawe katika vitubu vidogo. Nilirudia zote 40. Njia ya maji ikatoka tupu, nyeusi kama inavyotakiwa. Katika ile mimea 15 ya upande wa mikorosho, 13 ilikuwa safi.

Nilipanda gari kwenda Mkuranga Jumamosi yake. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, karibu." Upande wa mikorosho palikuwa pamepandwa upya, pingili za kununua kwa jirani, na majani machanga yalishaanza kujikunja. Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama, mpaka habari ya kukata picha. Alisikiliza. Akaniuliza ile mizuri ilikuwa mingapi, nikamwambia 13, akairudia namba ile polepole. Kisha akasema, "Haya, kaa ule kwanza, umetoka mbali." Alipika kisamvu. Sikuweza kumaliza sahani.

Kwa hiyo wakati mtu ananiambia ameitoa tyubu ya maji ili aongeze sampuli, mimi namwona bibi yule anahesabu. Mchanganyiko ukipungua, toeni sampuli. Toeni hata sampuli tano. Na bendi ikitokea kwenye maji, jeli yote haiaminiki, hata kama ni nzuri kiasi gani, hata kama ripoti ni kesho. Msimamizi akigomba atagomba siku moja.

4. Pipeti za kuseti na pipeti za kupakia jeli zisikutane. Kama maabara haina seti mbili, ombeni. Mkikosa, tumieni ncha zenye kichujio na msetie chumba kingine.

5. Acheni kutegemea desa (notsi za kurithiana) peke yake. Chukueni jaribio moja la zamani mlielewe mpaka mnaweza kulichora, kama la Meselson na Stahl la mwaka 1958, lililoonyesha DNA inavyojinakili. Nusu ya darasa wanajua jibu la kizazi cha kwanza na cha pili kwa kukariri, wakiulizwa cha tatu wanaganda. Robo ya DNA ni mchanganyiko wa uzi mzito na mwepesi, robo tatu nyepesi. Mkilichora wenyewe hamtalisahau mpaka mnazeeka.

6. Umeme ukikatika msifungue friza kuangalia kama kuna baridi.

7. Barua za mafunzo kwa vitendo zipelekeni mapema, kabla bumu (pesa ya mkopo) halijaisha na nauli nayo.

Jana Alhamisi wale wa Jumanne walirudia. Safari hii waliiweka tyubu ya maji, na sampuli mbili wakaziacha. Nilikuwa chumba cha pili niliposikia naitwa. Yule binti alikuwa mbele ya taa ya UV, uso umemshuka, wenzake wamemzunguka. "Kaka, maji yana bendi."

Picha alikuwa ameshaipiga, nzima, na njia ya maji alishaiandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Nikavaa glavu. Tukatoa bafa, praima mbili, dNTP (vijenzi vya DNA) na chupa ya maji, tukavipanga mezani, tukaanza na maji.