Azola ikigoma kukua, tazameni fosforasi kwanza

Wadogo zangu mnaoanza majaribio ya azola, kile kimea kidogo kinachoelea majini, hapa Mbeya, wengi huja wakiuliza waweke urea, mbolea ya nitrojeni, kiasi gani. Msiweke. Ndani ya vitundu vya majani yake wanaishi bakteria waitwao Nostoc azollae, wanaonasa nitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Nitrojeni ikijaa majini, wanapunguza kazi. Mbolea ya DAP nayo iacheni: ina fosforasi, lakini asilimia 18 yake ni nitrojeni, na mwishowe hutajua kipi kimeleta nini. Tumieni TSP, mbolea ya fosforasi isiyo na nitrojeni.

Fosforasi, tofauti na nitrojeni, hewani haipo. Na kunasa nitrojeni kunakula nguvu nyingi: molekuli moja tu ya nitrojeni inadai ATP zipatazo 16, yaani molekuli zinazobeba nishati ndani ya seli, na ATP haiundwi bila fosforasi. Ikipungua, azola inayoweza kuongezeka maradufu kwa siku 3 hadi 5 hudumaa, na nitrojeni mwilini mwake hushuka.

Rangi itawachanganya sana. Azola yenye njaa ya fosforasi huwa nyekundu, lakini baridi ya Juni na Julai huifanya nyekundu vilevile, na jua kali pia. Kwa hiyo ipindueni mtazame mizizi. Penye njaa utakuta mizizi mirefu iliyojikunja, na mmea wenyewe ukiushika unakatika vipande. Bado una shaka? Gawa azola hiyohiyo kwenye mabeseni mawili, uweke TSP kidogo katika moja, yakae pamoja mahali pamoja. Likianza kurudisha ukijani lile la TSP peke yake, jibu umepata.

Kwenye majaruba, iwe Mbarali au Kyela, msimwage mbolea yote siku moja. Mwani utaiwahi, na nyingine itazama topeni ishikwe na chuma na alumini, hasa udongo ukiwa na tindikali. Azola inaelea, mizizi yake inaning'inia majini tu. Wekeni kidogo kidogo, kila baada ya siku chache. Maji yakiwa ya kina kifupi mizizi hugusa tope, inajichotea yenyewe kiasi.

Halafu msije mkaniletea uzito wa azola mbichi mkasema ndiyo nitrojeni iliyonaswa. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito huo ni maji. Kausheni, mpime nitrojeni yenyewe maabara. Na sampuli ya siku ya kwanza kausheni muitunze pia, maana bila nitrojeni ya mwanzo hamna cha kutoa kwenye ile ya mwisho.