Kabla ya Kukokotoa Mwendo wa Maji katika Udongo Ulioshindiliwa, Pima

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa uzamili katika uhandisi ujenzi, ameniuliza iwapo inatosha kupima jinsi udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa unavyopitisha maji ukiwa umejaa maji kabisa, kisha kuiachia programu ya kompyuta ikokotoe hali ya udongo usiojaa kwa mlinganyo wa Richards wa mwaka 1931, unaoeleza mwendo wa maji katika udongo usiojaa, na ule wa van Genuchten wa mwaka 1980, unaohusisha kiasi cha maji na nguvu ya udongo ya kuyashikilia. Jibu langu ni kwamba haitoshi, nami nimelilipia jibu hilo.

Tasnifu yangu ilihusu mfinyanzi mwekundu wa kufunikia dampo la taka. Mtahini mmoja alisema mbele ya wenzangu kwamba nilipoteza muda kupima kitu ambacho mlinganyo ungenipa kwa dakika chache, na maneno yale hayajanitoka moyoni hadi leo. Hata hivyo, vipimo hivyo hivyo vimekubaliwa majuzi kuwa msingi wa usanifu wa mradi mmoja, na sioni sababu ya kuficha fahari yangu.

Jambo ambalo mtahini yule hakutaka kulisikia ni kwamba udongo ulioshindiliwa hauelezwi na uzito wake pekee. Ukishindiliwa ukiwa mkavu kuliko unyevu mwafaka wa jaribio la Proctor, yaani unyevu ambao udongo hushindilika vizuri zaidi, mabonge yake huacha matundu makubwa kati yao. Ukishindiliwa ukiwa na unyevu uliozidi kidogo, mabonge hupondeka na kushikana. Kwa hiyo sampuli mbili zenye uzito mkavu sawa kwa kila mita ya ujazo zaweza kutofautiana mara mia moja, au zaidi, katika kupitisha maji. Udongo unapokauka, matundu makubwa ndiyo hutangulia kuishiwa maji, na tofauti ile hubadilika tena.

Basi andaa sampuli kwa unyevu utakaotumika kwenye eneo la ujenzi, kisha upime nguvu ya ufyonzaji, yaani nguvu ambayo udongo hutumia kuyashikilia maji, kwenye sampuli hizo hizo. Tensiomita ya kawaida, kifaa chenye maji kinachopima nguvu hiyo, hukoma karibu na kilopaskali 80 hadi 90, kwa kuwa baada ya hapo maji yaliyomo ndani yake huingia mapovu, na kwa mfinyanzi hapo ni mwanzo tu. Karatasi ya kuchujia ya Whatman namba 42, ambayo hufyonza unyevu wa udongo na uzito wake ukaonyesha nguvu hiyo, hufika mbali zaidi, lakini ni lazima ifungiwe pamoja na sampuli kwa siku zisizopungua saba katika joto lisilobadilika, kisha ipimwe haraka kwa mizani inayosoma hadi gramu 0.0001, maana hewani unyevu wake hubadilika kwa sekunde chache. Wengi hutumia njia ya mkato hapa, halafu huulaumu mlinganyo.

Pima pia udongo ukilowa, si ukikauka tu, kwani kwa nguvu ile ile ya ufyonzaji, udongo unaokauka hubaki na maji mengi kuliko unaolowa. Masika yakianza, kifuniko cha dampo huwa kinalowa, ilhali ripoti nyingi ninazoletewa zina vipimo vya kukauka pekee. Hizo huzirudisha kabla ya kufika kwenye kurasa za matokeo.