Re: Pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kazini) kwa sisi watu wa macho tulioko wilayani tunazipataje?

Mkuu umeuliza kama kozi za online zina maana au ni cheti tu cha kuhuishia leseni, maana huko uliko semina hazifiki. Mi ni optometrista, yaani mpima macho na miwani, nimesota wilayani miaka, ngoja nikwambie ninavyoona.

Kwanza uliza baraza lako linalokupa leseni linatambua vyeti gani kabla hujamaliza bando. Halafu fungua akaunti Cybersight, tovuti ya mafunzo ya macho ya shirika la Orbis, ni bure, kozi zina mtihani na ukifaulu unapata cheti, na vipindi vyao vingi vinarekodiwa kwahiyo mtandao ukikata wala usiumie, unaangalia usiku.

Ila chagua kozi ya kitu unachokutana nacho kila siku aisee. Mi nilichukua ya glakoma, ugonjwa unaokula mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya, kwasababu wengi wanaokuja kituoni wamevuka 40 wanataka miwani ya kusomea tu, na foleni ikiwa ndefu unampa mtu +2.00 yake anaenda zake. Siku hizi wa umri huo haondoki sijamchungulia disc, yaani kichwa cha huo mshipa nyuma ya jicho, naangalia kwanza ukubwa wake, nafuata ukingo kuzunguka hasa juu na chini, halafu nalinganisha macho yote mawili. Alikuja mwalimu mmoja, mbali anaona 6/6, presha ya jicho 16, yaani safi kabisa, lakini jicho la kushoto ukingo wa chini umeliwa na pembeni kuna kidamu chembamba ambacho ukiwa na haraka hukioni. Nikampa rufaa, kule walipompima uwanja wa kuona wakakuta sehemu ya juu imeshaanza kupotea na mwenyewe hana habari. Kama ningeishia kwenye presha angeondoka na miwani.

Semina za hotelini nimekaa nyingi tu, mtu anasoma slaidi, mnasaini, chai, posho, kwaheri. Na online nako kuna ujanja, watu wanaingia wanaacha simu mezani wanaenda kupika, wanarudi mwishoni kuchukua cheti, leseni inapita ila mgonjwa anapimwa vilevile kama mwaka juzi.

Kwa wanaopasua mtoto wa jicho video peke yake haitoshi, hiyo ni kazi ya mikono. Kuna utafiti ulitoka 2021 kwa madaktari wanaosomea macho kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe, waliopelekwa kufanya mazoezi makali kwenye macho ya bandia Cape Town walichana kapsuli ya nyuma (utando mwembamba nyuma ya lenzi) kwa bahati mbaya mara chache kuliko wenzao ambao hawakupata mazoezi hayo. Kwahiyo huko pambana upate mazoezi ya kushika.

Ukiwa huna bando la video soma Community Eye Health Journal, lipo tangu 1988, bure, na limeandikwa kwa watu wa vituo kama vyetu.

Afu ukijisajili andika jina kama lilivyo kwenye leseni, usije ukapewa cheti cha "Dokta Macho" baraza wakakurudishia.