Akipandisha Nyusi Hajashangaa: Kwa Wasaili Wapya wa Nakivale

Jana usiku nimepitia fomu zenu za dodoso la kaya za hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi. Kwenye maoni ya msaili, fomu saba zimeandikwa "mhojiwa ameshangaa". Ameshangaa nini, jamani? Umemuuliza mwenyeji wa Isingiro, wilaya yetu hii, kama ana chandarua, akapandisha nyusi. Hapa Uganda hiyo ni ndiyo! Muuza rolex, ile chapati ya mayai, hukuitikia hivyohivyo ukimwambia aongeze yai. Najua wengine mmetoka Goma na Nairobi, lakini wiki mbili zimetosha.

1. Usijiamini na macho yako. Ule mtihani wa kusoma hisia tuliofanya siku ya mafunzo, picha 36 za macho matupu na maneno manne ya kuchagua kwa kila picha, ni toleo la 2001 la mwanasaikolojia Simon Baron-Cohen na wenzake. Matokeo mmeyaona: aliyepata 30 na aliyepata 17 wameketi benchi moja, wote wazima, wote wana diploma. Na huyo wa 17 ndiye aliyetuambia asubuhi kwamba watu anawasoma kama gazeti. (Tafsiri nayo ilichangia, "wasiwasi" na "mashaka" zilituchanganya hata sisi wasimamizi.)

2. Kicheko si furaha. Hili nililipia mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza, kaya ya nne, jua la saa nane. Mama mmoja wa Rutshuru, kule mashariki ya Kongo, ameketi juu ya kidumu, anachambua maharage kwenye ungo. Nikafika swali la idadi ya watoto. Akasema sita. Kisha akasema watatu, akacheka, meno yote nje. Msiniambie habari za "mdomo ulicheka, macho hayakucheka". Macho nayo yalicheka. Nami bingwa wa nyuso nikacheka naye, tena nikatia utani: "Mama, hesabu imekupotea?"

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Akaniangalia bila hasira, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Akauliza polepole: "Mutoto wangu, kwenu mutu akikufa munachekaka?"

Sikuwa na jibu. Tableti ilikuwa inasubiri namba, nikaandika 3. Halafu mnajua nilifanya nini? Niliendelea na swali lililofuata. Vyoo. Nilimuuliza mama aliyezika watoto watatu kama choo chake kina paa, naye akanijibu kwa adabu kwamba kina turubai. Baada ya siku mbili nilirudi na kilo mbili za sukari. Akapokea, akashukuru, akatabasamu. Tabasamu hilo sikuthubutu kulipa jina.

3. Chaji tableti usiku, na ridhaa isomwe yote, si "sahihi hapa mama".

4. Andika ulichokiona: "alinyamaza", "alifuta macho", "aliangalia mlango". Usiandike "ana hofu". Hata uso wenyewe wa hofu una ubishi: mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea, ambako vijana walionyeshwa uso wa macho kodo na mdomo wazi, ule ambao vitabu vinauita wa hofu. Wengi wao waliona mtu anayetishia.

5. Nilikuwa na mwenzangu ambaye nyuso hazimwambii kitu. Wewe umenuna tangu asubuhi, yeye anakuomba chumvi. Ukimuuliza yeye mwenyewe anajisikiaje, anajibu, "Nimekula." Wataalamu wana neno aleksithimia kwa mtu anayeshindwa kutaja hata yaliyo moyoni mwake, na mara nyingi mtu wa namna hiyo hupata taabu na hisia za wengine pia. Kama yeye ndivyo alivyo, sijui, mimi si daktari. Tulimcheka sana. Lakini kwa kuwa hakujiamini, alikuwa anauliza: "Mama, umecheka. Niendelee au nisubiri kidogo?" Kuna waliomwambia subiri. Wengine wakamkaribisha chai, ndipo likaja jambo ambalo dodoso letu halikuwa na nafasi yake. Sijawahi kumrudishia fomu hata moja.

Zenu saba narudisha. Gari linaondoka saa kumi na mbili na nusu, si saa moja. Mkifika kwenye kaya hizo, ombeni radhi kwa kuwasumbua tena, ulizeni upya, na mtu akipandisha nyusi, tikini "ndiyo".