Nguzo Imeoza? Seng'enge Iache Palepale

Dada mmoja wa Kisarawe ameniandikia kwamba nguzo za uzio wake zimekatika chini, na fundi kamwambia dawa ni kuvua seng'enge yote na kuanza upya. Bei aliyotajiwa ni ya kununulia ng'ombe. Nimecheka kwa uchungu, maana hata mimi niliambiwa hivyohivyo.

Shamba langu liko Kibaha, na mchwa wa Pwani mnawajua. Masika yalipoisha, upande wa barabarani ulikuwa umelala, unaning'inia kwenye waya tu. Fundi akaja, akapiga teke nguzo moja, akaniambia mbele ya vijana wangu, "Mzee, hapa huna uzio, una kuni." Kauli hiyo sijaisahau hadi leo.

Alipoondoka nikachukua bisibisi nikaanza kudunga. Usawa wa ardhi ilizama mpaka kwenye mpini. Shubiri moja juu, haikuingia hata kidogo! Mti huozea hapo kwenye uso wa udongo, panapokutana unyevu na hewa. Huko juu ni mzima. Sasa kitu kizima unakivulia nini?

Kazi yenyewe si kubwa. Egemeza nguzo kwa mti ili isimame wima, wala usiguse waya. Kata kilichooza, ng'oa kisiki, maana ukikiacha umewapikia mchwa. Chimba ubavuni sentimita 60, simika kipande kipya cha mkaratusi uliotiwa dawa, kama mita 1.3. Ncha ya kipande hicho uliyoikata iwe juu, isiende ardhini, kwa kuwa dawa haifiki kwenye kiini. Kifunge na nguzo ya zamani sehemu mbili kwa waya wa kufungia nondo, ukunje mara mbili, usokote kwa plaizi mpaka uume mti. Shimo lijaze zege ya saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na uso wake uinamie nje maji yasituame. Egemeo liache siku mbili tatu.

Oili chafu? Wengi mnaipenda. Mimi naona inapaka ngozi tu na kuharibu udongo.

Leo uzio umesimama, na fundi yuleyule amepita akapunguza mwendo wa pikipiki kuutazama. Hakusalimia. Ndugu zangu, tuache kutishwa na watu wanaoishi kwa hofu yetu! Una shamba, una mikono, una mtaimbo. Kwa nini umkabidhi mtu akiba yako kabla hujadunga bisibisi? Kagua kwanza. Kagua mwenyewe. Narudia, kagua.

Dada wa Kisarawe, nguzo za kona ni habari nyingine. Pale waya unavuta kwa nguvu zote, kiraka hakitoshi. Weka mhimili wa mshazari upande ule nguzo inakovutwa, au badilisha nguzo hiyo moja. Hapo kidogo fundi wako ana haki.