Muulize Mwalimu: Nilimlilia Mwigizaji?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Juzi tuliangalia The Battle of the Somme, ile filamu ya Waingereza ya mwaka 1916 isiyo na sauti, kuhusu mapigano ya Somme huko Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kuna pahala askari wanapanda kutoka handakini, mmoja anaporomoka kurudi chini, hainuki tena. Nililia. Mume wangu akanicheka, akasema filamu yote ni maigizo na propaganda ya serikali. Je, nilimlilia mwigizaji?
Msomaji wenu wa siku nyingi

JIBU: Marahaba mama. Mwigizaji, naam. Ila mumeo asianze kushangilia, kwani yeye amekosea zaidi yako.

Kipande kile kilipigwa siku kadhaa baada ya shambulio, nyuma kabisa ya mstari wa mbele, askari wakiwa mazoezini. Kirudie taratibu. Mpiga picha amesimama mahali ambapo risasi zingemmaliza kabla hajapiga hata picha ya kwanza. Halafu mtazame askari mwingine, yule anayeanguka karibu na seng'enge: akishalala chini, anaipishanisha miguu yake vizuri, kama mtu aliyejinyoosha kusubiri chakula. Maiti hawafanyi hivyo.

Lakini filamu inakwenda zaidi ya saa nzima, na maigizo ya namna hiyo ni sehemu ndogo sana. Sababu yake nayo inaeleweka. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito, zikikaa juu ya miguu mitatu na kuzungushwa kwa mkono. Askari akishatoka handakini, hakuna aliyeweza kumfuata na mzigo ule. Watu walitaka kuona hasa kile ambacho hakikupigika, basi wakatengenezewa.

Sasa mwambie mumeo airudie tarehe 1 Julai 1916, saa 1:20 asubuhi, karibu na kijiji cha Beaumont Hamel. Waingereza walikuwa wamechimba njia chini ya ngome ya Wajerumani, wakajaza baruti. Geoffrey Malins, mmoja wa wapiga picha wa filamu hii, aliielekeza kamera yake kwenye kilima kile, akaanza kuzungusha mapema. Baadaye aliandika kwamba mkanda ulikuwa ukimwishia huku mlipuko hauji, akaingiwa na hofu kwamba utakwisha kabla kilima hakijaruka. Kikaruka. Udongo ule unaouona ukipanda angani ni udongo wa kweli, na chini yake walikuwamo watu.

Kuna na kipande ambacho wengi hukipita bila kukitilia maanani, kwa sababu hakina lolote la kutisha: askari wa kikosi cha Lancashire Fusiliers wamejibanza kwenye njia iliyozama kati ya kingo mbili za udongo. Wanavuta sigara. Wengine wanaikodolea kamera macho, na sura zao hazina mchezo. Hawa hawaigizi, wanangoja kuamriwa. Muda mfupi baadaye walitoka, na wengi wao wakakatwa na bunduki za rashasha. Siku ile moja jeshi la Uingereza lilipoteza watu 57,470 kwa kufa, kujeruhiwa, kutekwa na kupotea. Waliokufa ni 19,240. Kama unataka kulia tena, mama, lilia hapo.

Kuhusu propaganda: ndiyo, serikali iliiruhusu kwa makusudi yake. Lakini propaganda gani hii inayowaonyesha raia maiti za vijana wao? Tikiti takriban milioni 20 zilinunuliwa Uingereza ndani ya wiki sita za mwanzo, na vita vya Somme vilikuwa bado vinaendelea. Havikusimama hadi tarehe 18 Novemba. Waliokaa kwenye viti vile walikuwa na watoto na waume kulekule.

SWALI: Mwalimu, mimi na rafiki yangu tunabishana kuhusu Im Westen nichts Neues, hadithi ya askari wa Kijerumani katika vita hivyohivyo. Yeye ameona filamu ya Kijerumani ya 2022, mimi nimesoma kitabu. Miisho haifanani. Nani anaijua hadithi?
Kijana mbishi

JIBU: Wewe, kijana. (Ambao hamjasoma wala kuangalia, ruka swali hili.)

Kwa Erich Maria Remarque, mwandishi wa kitabu, Paul Bäumer, askari kijana anayesimulia, anakufa Oktoba 1918, siku tulivu, kwa mistari michache tu. Filamu inamburura hadi dakika za mwisho kabla ya saa 5 asubuhi ya Novemba 11, vita viliposimama, ikamletea jenerali mwenye kiburi na shambulio ambavyo havimo kitabuni. Si kwamba mtu hakuweza kufa dakika zile. Mmarekani Henry Gunther aliuawa saa 4:59, ikibaki dakika moja silaha zinyamaze.

Mimi mwisho haunisumbui sana. Kinachonikera ni kwamba filamu ile imeitupa likizo. Kitabuni Paul anarudi nyumbani, mama yake mgonjwa kitandani, halafu wazee wa mji wanamketisha kwenye meza ya bia, wanamgawia sigara na kumfundisha yeye, aliyetoka mbele, jinsi ya kushinda vita. Mmoja wao anataka Ubelgiji nzima, na makaa ya mawe ya Ufaransa, na kipande cha Urusi juu yake. Paul hana la kuwajibu. Bila meza ile, vita vinabaki tope na damu tu, na waliovishangilia wakiwa wamekaa wanaponyoka.

Filamu ya Marekani ya 1930 iliihifadhi likizo. Ilipoonyeshwa Berlin Desemba mwaka huohuo, Goebbels, kiongozi wa chama cha Nazi mjini humo, na wafuasi wake waliingia ukumbini na mabomu ya kunuka, wakaachilia panya weupe katikati ya watazamaji. Siku chache baadaye ikapigwa marufuku. Kwa nchi iliyokuwa na matatizo kama ya Ujerumani wakati ule, kuogopa sinema kiasi kile!

SWALI: Mwanangu ana miaka 14 na anataka kuona They Shall Not Grow Old, ile filamu ya vita hivyohivyo yenye rangi. Nimruhusu? Na rangi zile ni za kweli?
Baba wa mmoja

JIBU: Picha ni za wakati ule, kutoka makumbusho ya vita ya London. Rangi imetiwa na mwongozaji Peter Jackson na watu wake mwaka 2018, na maneno ya midomoni yalipatikana kwa kuajiri wasomaji wa midomo. Ila sauti zinazosimulia ni za askari wenyewe, walizorekodi uzeeni.

Mruhusu, lakini ukae naye. Mwanzo, wanapojiandikisha na kufunzwa, hakuna rangi wala la kutisha. Rangi ikishaingia, jiandaeni kwa maiti na miguu iliyooza kwa maji ya mahandaki.