Muulize Fundi: Vihisi kwenye upinde wa babu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa elektroniki, mwaka wa pili, kwetu ni Kibwezi. Babu alifariki mwaka jana akaniachia upinde wake wenye upote (kamba ya upinde) wa kano, pamoja na podo lenye mishale saba. Kwa mradi wangu wa chuo nataka kuuwekea upinde huo vihisi, nijue navuta kwa nguvu kiasi gani, mkono unatetemeka vipi, na mshale unatoka kwa kasi gani. Nimepanga kuupiga mti msasa sehemu mbili, nibandike geji za mkazo (vipande vyembamba vinavyopima mti unavyonyoshwa) kwa gundi, kisha nitoboe tundu dogo mshikioni nipitishe nyaya. Baba anasema nitauharibu. Nani yuko sahihi?
Mjukuu, Kibwezi

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Baba yako yuko sahihi. Lakini mradi wako ni mzuri, na unaweza kuufanya wote bila kuuchubua mti hata kidogo.

Kabla ya upinde, hiyo mishale. Usiishike kwenye vigumba, yaani vichwa vyake, na podo lisikae mahali watoto wanapofika. Wazee wetu Ukambani walipaka vigumba ivai, sumu inayochemshwa kutoka mti wa Acokanthera, kisha wakavifunga kwa ngozi nyembamba isikauke na isimguse mwenye podo. Ndani yake mna ouabain, ambayo husimamisha moyo ikiingia damuni, na inaweza kubaki na makali miaka mingi. Ukiona kigumba kimefungwa ngozi, usiifungue. Kwa mradi wako tumia mishale mipya isiyo na sumu, yenye urefu uleule wa ile ya babu.

Sasa huo msasa. Nilipokuwa na miaka 23, baba mkubwa alinipa upinde wake, nami nikafanya hasa unachotaka kufanya wewe. Nilisugua mgongo wa upinde, upana wa kidole gumba tu, ili gundi ishike. Gundi ilishika vizuri. Nilivuta mara sita nikitazama mita. Mara ya saba nikasikia kitu kama kuni kavu inayovunjwa gotini, na kibanzi kikainuka palepale nilipopiga msasa. Upinde ulikatika mikononi mwangu. Baba mkubwa hakusema neno. Aliviokota vile vipande viwili, akaviweka juu ya dari, na hadi anafariki hatukuwahi kulizungumza.

Mgongo wa upinde ni upande unaotazama shabaha. Ukivuta, upande huo unanyoshwa, na tumbo, yaani upande unaokutazama wewe, linabanwa. Mti hauvumilii kunyoshwa ikiwa nyuzi zake zimekatwa, na mchongaji mzuri huzifuata nyuzi hizo kutoka ncha hadi ncha. Pitisha kidole taratibu mgongoni mwa upinde wa babu. Ukikuta vinundu palipokuwa na vifundo vya matawi, jua aliviacha makusudi, kwa sababu kuvisawazisha ni kukata nyuzi. Msasa wako ungemaliza dakika mbili kile alichokikwepa kwa siku nzima. Tundu la mshikioni nalo ni hivyohivyo.

Na hata upinde ungepona, geji isingekupa namba ya kuaminika. Chuma hakinywi maji lakini mti hunywa: asubuhi ya ukungu umevimba, saa nane mchana umesinyaa, na namba yako inahama ingawa hujagusa kitu.

Njia ninayokushauri ni hii: nguvu ipime pembeni mara moja, halafu juu ya upinde pima urefu wa mvuto peke yake. Funga upinde kwenye nguzo imara, mshikio ukiwa umeegemea kitambaa kizito. Kamba ishike upote katikati, ipite kwenye kipimio cha mzigo, kile kilicho ndani ya mizani ya dijitali ya kuning'iniza, na kando yake laza futi ya fundi cherehani. Vuta polepole, na kila sentimita 5 andika kilo. Usivute kupita urefu wa mshale wa babu, maana mshale huo ndio unaokuambia yeye aliishia wapi. Na kwa kuwa mti umekaa muda bila kuvutwa, siku ya kwanza ishia nusu ya urefu huo. Ukisikia mlio wowote, acha.

Kipimio kiwe cha kilo 100, usinunue cha kilo 20 kwa kudhani upinde wa mzee ni mwepesi. Majirani zetu Waata wa upande wa Tsavo walikuwa na pinde za kuwindia ndovu zilizotaka zaidi ya kilo 45 kuzivuta.

Chora namba hizo kwenye karatasi ya grafu: sentimita chini, kilo pembeni. Eneo lililo chini ya mstari ndilo nishati uliyoiweka kwenye mti. Tuseme upote unasafiri sentimita 45 na mwisho unafika kilo 18, mstari ukiwa karibu umenyooka. Hapo una takriban juli 40 za nishati. Ikiwa theluthi mbili za nishati hiyo zinaingia kwenye mshale wa gramu 40, mshale utatoka kwa takriban mita 36 kwa sekunde. Chora grafu hiyo tena mvua zikianza, kwa sababu upote wa kano hulegea hewa ikiwa na unyevu.

Vipimio hivyo vya mzigo kwa kawaida huunganishwa na kadi ya HX711, inayogeuza umeme wao mdogo kuwa namba, na kadi hiyo husoma mara 10 au 80 kwa sekunde, basi. Kwa kuvuta polepole inatosha kabisa. Kwa kuachia haifai, maana mshale huachana na upote ndani ya takriban sehemu 20 za elfu moja za sekunde, na kadi itakuwa imesoma mara moja au mbili tu. Wanafunzi wengi hulaumu programu zao hapa, wakati kadi ndiyo iliyokuwa imelala.

Kwa urefu wa mvuto nilijaribu kihisi cha leza cha VL53L0X. Ni kidogo na chepesi, lakini kinatazama kwa upana wa pembe ya digrii 25, kwa hiyo kikitafuta ngumi yako kinaona na bega. Kilichonifaa ni uzi wa kushonea. Ufunge kwenye glavu ya mkono unaovuta, upande wa pili uzungushe kwenye kigurudumu chenye spiringi kilichoshikana na potenshomita (rezista inayobadilika ikizungushwa) ya mizunguko 10, mshikioni. Kigurudumu kikiwa na mzingo wa sentimita 10, mvuto wa sentimita 60 ni mizunguko sita. Ukiujua urefu, grafu yako inakupa kilo papo hapo.

Mtetemo wa mkono utausoma kwa kihisi cha mwendo cha MPU-6050, nacho kikae mshikioni. Sekunde mbili kabla ya kuachia ndizo zenye habari yote. Wakati wa kuachia, mshtuko unaweza kuzidi 16 g (mara 16 ya mvuto wa dunia), ambayo ndiyo mwisho wa kihisi hicho, kwa hiyo usiziamini namba za hapo. Kila kitu, pamoja na kompyuta ndogo ya ESP32 na betri, kifunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli juu ya ngozi laini. Mshikio hausogei sana, kwa hiyo gramu 50 pale hazidhuru kitu. Gramu tano tu kwenye ncha za upinde zinakula kasi ya mshale, kwa sababu ncha ndizo zinazokimbia.

Kasi usiitafute kwenye upinde. Weka simu inayorekodi sauti miguuni mwako, simama mita 20 kutoka gunia la mkonge, piga. Kwenye rekodi utaona mlio wa upote, kisha kishindo cha mshale kwenye gunia. Chukua muda ulio kati ya milio hiyo miwili, ondoa sekunde 0.058, muda wa sauti kurudi kwako, halafu gawanya 20 kwa kilichobaki. Tofauti ya sekunde 0.61 kati ya milio inakupa karibu mita 36 kwa sekunde. Utapata wastani wa safari nzima, ulio chini kidogo ya kasi ya kutokea, na simu unayo tayari. Kwenye Olimpiki za Tokyo, zilizofanyika 2021, watazamaji walionyeshwa mapigo ya moyo ya wapiga mishale, na mapigo hayo yalisomwa na kamera bila mtu kuguswa. Nawe upinde wa babu usiuguse zaidi ya lazima.

La mwisho ndilo linaloua pinde nyingi za wanafunzi: usiachie upote bila mshale ati unajaribu kihisi. Zile juli 40 zinazokosa mshale wa kuzibeba hurudi kwenye mti. Ukitaka kujaribu programu mara mia, mwombe mzee mmoja huko kwenu akuchongee upinde wa pili, ukae naye anapouchonga. Shabaha iwe gunia, kwani uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977.

SWALI: Fundi, je, kihisi kinaweza kuwekwa kwenye mshale wenyewe?
Msomaji, Singida

JIBU: Kinaweza, ila kidude na betri yake vikiwa gramu 8 juu ya mshale wa gramu 40, umeongeza sehemu ya tano ya uzito, na unaoupima si mshale ule tena. Chukua kisahani cha piezo, kile kinacholia ndani ya saa ya mezani, ukibandike kwenye ubao nyuma ya gunia. Kikigongwa kinatoa umeme chenyewe na kukupa wakati kamili mshale ulipofika. Weka rezista na zena (diodi inayozuia volti kuzidi) ya volti 3.3 kabla ya pini ya ESP32, maana mshale ukipiga karibu na kisahani, volti hupanda sana.